Waya wa Urefu wa Kidole

Mama mmoja alikuwa na wana wawili, na masikio yaliyokuwa yakimwacha kidogo kidogo. Jina lake lilikuwa Bi Mwantumu. Mwana mkubwa, Idrisa, alikuwa Kusini, nchi ya migodi, na hakuwa ametia mguu nyumbani kwa miaka mingi. Mwana mdogo, Swalehe, alibaki. Alisaga nafaka za watu kwa mashine iliyokuwa nyuma ya soko la mji wao, mji mdogo wa bara wenye vumbi jekundu, na kazi hiyo ilimzoesha kusema kwa sauti ya kushinda ngurumo. Ndiyo maana katika nyumba ile sauti yake peke yake ndiyo iliyomfikia mama. Mkewe, Mwanahawa, aliongea na mama mkwe wake kwa mikono na kwa uso. Swalehe aliinama kwenye sikio la kulia, akatamka, na mama akaelewa.

Kwa nini Idrisa hakurudi? Jambo lenyewe ni fupi na baya. Baba yao alipougua, Idrisa alitumwa mjini mkoani kuleta dawa. Alikwenda, hakurudi. Baba alimaliza siku zake akiutazama mlango, na kila aliyeingia alimwita kwa jina la Idrisa. Swalehe ndiye aliyemgeuza kitandani, ndiye aliyemlisha uji kwa kijiko, na mwisho ndiye aliyemwosha. Matanga hayajaisha ikajulikana kwamba siku ile ile ya kutumwa, Idrisa alipanda basi la kwenda Kusini. Hakuna aliyejua kama dawa alizinunua au hakuzinunua. Bi Mwantumu hakulaani. Alisema neno moja tu, akalisema mbele ya watu waliokuja kumhani: radhi yake haitapita kwa mjumbe. Idrisa akiitaka, aiombe kwa mdomo wake mwenyewe, na yeye aisikie kwa masikio yake mwenyewe. Wakati huo masikio yake yalikuwa mazima, na hakuna aliyefikiri kuwa sharti lile lingekuja kuwa zito.

Miaka ikaenda, na masikio nayo yakaenda. Sauti za watu zikageuka mvumo. Simu akiwekewa sikioni, alisikia kitu kama maji yanayochemka mbali, basi. Swalehe, ambaye hakuwa mwana mbaya kwa mama yake, alimnunulia hedifoni kubwa za waya, zile za kufunika masikio yote mawili, akazichomeka kwenye redio. Ndani ya hedifoni zile maneno yalirudi kuwa maneno. Kila asubuhi Bi Mwantumu alizivaa chini ya mtandio wake, akasikiliza mawaidha, akaitikia amina peke yake barazani huku wapita njia wakitabasamu.

Ndipo Idrisa alipotuma simu. Ililetwa na mtu aliyekuwa akirudi nyumbani, katika boksi lake, ikiwa na maneno haya: mama akiwa tayari kunisikiliza, Swalehe anijulishe, nitapiga nimwombe radhi. Swalehe akamwambia Bi Mwantumu hayo sikioni. Kisha akaziomba hedifoni zake. Miaka yote ile alikuwa akimngoja mwanawe, na sasa ilionekana wazi usoni pake kwamba hasira ilikwisha zamani, imebaki ahadi tu aliyoiweka mbele za watu, naye si mtu wa kurudi nyuma katika neno lake.

Swalehe akaigeuza simu huku na huku kutafuta tundu la hedifoni. Halikuwepo. Simu ilikuwa na tundu moja tu, la chaji, na waya wa hedifoni haukuingia humo. Alikwenda kwa fundi simu, na fundi akamtolea kiunganishi, waya mweupe wenye urefu wa kidole. Upande mmoja uliingia kwenye tundu la chaji, upande wa pili ulikuwa na tundu la kupokea hedifoni. Fundi akasema huo ndio wa mwisho dukani, autunze, kwa maana ni vitu vya kupotea ovyo.

Siku ile Swalehe aliujaribu. Alimwachia Mwanahawa amvishe mama hedifoni, yeye akaenda mashineni, akazima mota, akapiga simu. Akasema kwa sauti ya kawaida, sauti ambayo alikuwa hajaitumia kwa mama yake kwa miaka. Mama akamjibu neno kwa neno. Akamuuliza kama ana mafua, maana aliisikia pua yake. Wote wawili walicheka. Swalehe alifurahi kweli, na furaha ile ilimfikisha mpaka jioni. Jioni, akifunga mlango wa mashine, wazo likamjia. Sauti ya Idrisa nayo itapita njia ile ile. Itaingia laini, bila kuinama, bila kukaza koo, bila mwaka hata mmoja wa kuuguza mtu. Na mama ataisikia hata pua yake. Wazo hilo lilimuuma, na hakumwambia mtu.

Uchungu wake ulikuwa na haki yake, tusimnyime. Mtu aliyemwosha baba yake peke yake ana la kusema. Ila hakulisema. Alifanya lile tunalolifanya wengi wetu, akaanza kuchelewa. Alisema atamjulisha Idrisa Ijumaa. Ijumaa ikapita. Akasema kwanza mama aizoee simu. Mama aliizoea upesi kuliko alivyotaka.

Kisha akaja baba mkwe wake, Mzee Abeid, kumwona binti yake. Alikuwa mtu mwema, mcheshi, mpenda mawaidha, naye alikuwa amepewa na watoto wake simu ya namna ile ile isiyo na tundu. Alipouona ule waya aliushika, akaupima kwa kidole chake, akasema watu wa siku hizi wanakuuzia mlango kisha wanakuuzia ufunguo. Swalehe akamwambia auchukue autumie. Aliyasema hayo haraka, kabla hajaombwa. Mwanahawa aliyekuwa akimimina chai alisimama na birika mkononi, akamtazama.

Na ninyi mnajua haya ya mtu na mkwe wake ilivyo. Katika mji ule, kitu alichokitia mume mkononi mwa baba wa mkewe hakiulizwi tena. Si sheria, ni aibu tu, na watu wa pale waliiogopa aibu kuliko askari. Angekuwa ametoa ng'ombe, huenda siku moja angetaja kwa mbali kwamba nyumbani hakuna maziwa, na mzee akaelewa. Lakini waya wa urefu wa kidole mtu anaanzaje kuuulizia? Udogo wake ndio ulioufanya ushindikane kuulizwa. Mzee Abeid alirudi kijijini kwake akijua amepewa zawadi, na katika hilo hakukosea.

Mwanahawa alisema atakwenda yeye mwenyewe kwa baba yake. Swalehe akamkataza, akamwambia asimwaibishe ukweni kwa kitu cha thamani ya andazi. Fundi simu alikuwa hana mwingine. Swalehe alikwenda mkoani kutafuta mkanda wa mashine, akapita mbele ya maduka ya simu ambako nyaya kama zile zilining'inia kwa mafungu, akazitazama, akajiambia basi litamwacha. Hata pale mjini zilikuwepo nyumba zenye simu za zamani zilizo na tundu, ambazo angeweza kuziazima kwa saa moja. Hakuazima. Hakupanga ubaya. Ungemuuliza angeapa kwamba anangoja tu waya urudi, na angeapa kwa moyo safi.

Bi Mwantumu alizoea kukaa barazani alasiri, hedifoni shingoni, simu mapajani. Alipomtazama Swalehe, Swalehe aliinama sikioni akasema waya unakuja. Mama aliitikia kwa kichwa. Baadaye akaacha kuuliza, na Swalehe aliona nafuu, kana kwamba kutoulizwa ni sawa na kusamehewa.

Mvua za kwanza zilimkuta Bi Mwantumu kitandani. Homa ilimshika kifuani ikakataa kutoka. Mwanahawa alipoona hali imekuwa hivyo hakumngoja mumewe tena. Alimpelekea Idrisa habari kwa simu yake mwenyewe. Idrisa akapiga alasiri ile ile. Barazani walikuwepo wanawake wa jirani waliokuja kumtazama mgonjwa, na mlango wa chumba ulikuwa wazi kama ilivyo desturi. Simu ikawaka. Bi Mwantumu aliona mwanga, akaona uso wa Swalehe, akajua. Alijiinua kwa viwiko. Akazivaa hedifoni, akaishika ncha ya waya wake, na kwa muda akawa anaipeleka kwenye simu na kuirudisha, anatafuta pa kuichomeka. Hapakuwa na pa kuichomeka. Swalehe alikuwa amesimama pale akiangalia, na hapo ndipo alipoona haya ya kweli, siyo ile ya ukweni.

Mama akaziteremsha hedifoni shingoni, akaiweka simu sikioni. Akasikiliza mvumo wake wa maji yanayochemka. Kisha akafanya jambo ambalo Swalehe hakulitegemea. Alilivunja sharti lake. Akamnyoshea simu, akasema kwa sauti ndogo, "Chukua. Leo masikio yangu ni wewe."

Swalehe akaichukua, akaketi ukingoni mwa kitanda, mdomo wake karibu na sikio la kulia la mama. Na Idrisa, aliyemsikia mama yake akisema neno asilolielewa vizuri, alidhani anasema naye, akaanza. Aliomba radhi. Hakujitetea. Alisema siku ile dawa alizinunua. Alizishika mkononi stendi, akasimama kati ya mabasi mawili, moja la nyumbani na moja la Kusini, akaogopa kurudi kumtazama baba akifa. Akapanda la Kusini na dawa zikiwa mkononi. Alizitupa dirishani walipokaribia mpaka, na tangu hapo hajawahi kulala usingizi wa mtu mzima. Alisema kama mama hatamsamehe, atajua amestahili, ila amwombe Mungu asimhesabie. Alilia jinsi wanavyolia wanaume waliozeeka mbali na kwao, kwa kukatika katika.

Swalehe alikuwa hajui habari ya dawa. Miaka yote alikuwa amemfikiria kaka yake kuwa mtu aliyekwenda bila kufika dukani, mzembe, mtu wa kusahau. Sasa alijua kwamba dawa zilikuwepo, zilinunuliwa, zilikuwa mkononi mwa mtu, wakati yeye alikuwa akimfuta baba jasho. Hasira ilimpanda. Mama alikuwa akimtazama mdomo, akingoja. Wanawake barazani walikuwa wametega masikio. Swalehe akajiambia kwamba maneno kama yale hayapigiwi kelele mbele ya majirani. Akainama.

"Anakusalimu, mama," akasema. "Anaulizia hali yako."

Waya ule ungepitisha yote. Usingeuliza nani alimwosha baba, wala majirani watasema nini. Ungepitisha dawa na kilio na kila kitu, usijibakizie neno hata moja. Lakini waya haukuwepo. Alikuwepo ndugu.

Bi Mwantumu aliendelea kumtazama. "Hajasema lingine?"

"Hajasema lingine."

Mama akaonekana kama mtu aliyefika mlangoni akakuta pamefungwa. Hakukasirika. Akaomba simu isogezwe mdomoni pake, maana kusema alikuwa bado anaweza, na akasema kwa utulivu, kama anavyosemeshwa mtu wa mbali usiyemjua sana, kwamba salamu zimefika, na yeye akae salama huko aliko. Hayo tu. Yalikuwa majibu ya haki kwa salamu. Lakini kule Kusini alikuwepo mtu aliyekuwa ameufungua moyo wake wote, na hayo ndiyo aliyoyasikia kwa masikio yake mwenyewe, kutoka kwa mdomo wa mama yake mwenyewe. Kisha Idrisa akasema, "Nimesikia, mama," na simu ikakatika. Hata hilo Swalehe hakulifikisha.

Mama alivua hedifoni, akaomba ziwekwe kabatini. Akageuka ukutani.

Swalehe alikusudia kumwambia. Hili nalo tusimnyime. Asubuhi iliyofuata aliingia chumbani akiwa ameshalipanga neno, akainama sikioni, akahisi joto la homa shavuni pake, na kilichomtoka ni kumuuliza kama anataka maji. Siku nyingine walikuwepo wageni. Siku nyingine mama alikuwa amesinzia, na alionekana ametulia, na nani amwamshe mgonjwa? Neno likikaa sana ndani ya mtu huwa halikai peke yake. Huvuta maneno ya kulilinda. Bi Mwantumu alifariki kabla ya Ijumaa iliyofuata, akiwa na radhi yake yote kifuani, na hakuna aliyemwambia kwamba ilikuwa imeombwa.

Idrisa alifika baada ya maziko. Alikuja na mfuko mmoja mdogo. Wafiwa hukaa mbele, watu wakapita kuwapa mkono, lakini yeye alikaa mwisho wa mkeka karibu na viatu, kana kwamba ni jirani wa mbali. Walioona wakadhani ni ile aibu yake ya zamani. Mwanahawa alimpelekea maji. Watu walipotawanyika, akamwomba Swalehe ampeleke kaburini, nao wakaenda, mmoja mbele na mmoja nyuma.

Udongo ulikuwa bado mbichi. Idrisa alisoma dua aliyoweza kuisoma. Alipomaliza hakuinua macho.

"Mdogo wangu," akasema, "siku ile mama alinisikia?"

Hapo ndipo Swalehe alipopewa nafasi nyingine, na si kila mtu hupewa. Neno moja lingemrudishia kaka yake mama. Lingemwambia: hakukukataa, hakujua tu, alikungoja mpaka simu ilipokatika. Idrisa angelia, angepiga magoti juu ya udongo ule, na angeondoka akiwa mwana wa mtu. Lakini neno hilo hilo lingesema pia Swalehe ni nani. Swalehe alilijua hilo vizuri. Hasira yote ilikuwa imekwisha. Kilichobaki kilikuwa hofu, na hofu ilimbana zaidi.

"Alisikia," akasema.

Idrisa akatikisa kichwa taratibu, kwa kukubali. Hakulaumu. Alisema alijua tu, ila alitaka kuhakikisha. Hakulala nyumbani, alilala msikitini kwa ruhusa ya imamu, na asubuhi akapanda basi. Tangu hapo namba yake haipatikani, na wanaotoka Kusini wakiulizwa wanasema hawajamwona.

Swalehe anasaga unga mpaka leo. Mashine inanguruma kutwa, naye anasema kwa sauti yake kubwa, na nyumbani hakuna tena anayeihitaji. Mwanahawa anajua. Alikuwepo mlangoni siku ile ya simu, akaona mumewe alivyosikiliza kwa muda mrefu na salamu zilivyokuwa fupi. Hajamuuliza kitu. Humwekea chakula, hukaa upande wa pili wa sinia, na Swalehe hula akiwa ameinamisha kichwa.

Basi wewe uliyesimamishwa kati ya watu wawili, ni neno gani ulilopewa ukabaki nalo, na anayelingoja atakungoja mpaka lini?